Faraday aliacha shule mapema, lakini hakusoma peke yake

Ukichomeka simu kwa soketi usiku wa leo, mkumbuke kijana mmoja wa London aliyeitwa Michael Faraday. Nakupa habari zake kwa sababu kuna swali ambalo wewe uliyekwama nyumbani bila karo unajiuliza. Hata mimi niliyeachia chuo njiani nimejiuliza: kusoma nyumbani unaanzia wapi, na nani atakushika mkono?

Faraday alizaliwa 22 Septemba 1791. Babake alikuwa mhunzi aliyeugua mara kwa mara, na kuna wakati kijana alipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa akitumwa huku na kule na duka la vitabu la George Riebau. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi hapo, kujifunza kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Sasa cheki vile alijipanga. Mchana alishona vitabu vya wateja, na kazi ikiisha anavisoma. Makala ya umeme katika Encyclopaedia Britannica yalimnasa. Kitabu cha kemia cha Jane Marcet kikamfungua macho. Visenti alivyopata alinunua vifaa, akajaribu mwenyewe kuona kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Riebau angeweza kumfokea kwamba anapoteza muda. Hakumfokea. Alimwachia nafasi.

Lakini wewe unajua shida ya kusoma peke yako: hakuna wa kukukosoa, na ukikwama umekwama. Mwaka wa 1810 Faraday akasikia kuhusu mihadhara ya sayansi ya jioni, nyumbani kwa John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kila mara, na hakuwa nayo. Kakake Robert, mhunzi kama baba yao, ndiye aliyelipa. Huko alikuta vijana wa kawaida wenye kiu kama yake, waliofundishana kwa zamu na kubishana. Mmoja wao, karani Benjamin Abbott, akawa rafiki wa dhati. Wakaandikiana barua ndefu za sayansi, na Faraday akazitumia kunoa lugha yake.

Mwaka wa 1812 mteja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy. Faraday aliandika kila kitu, akachora michoro, akajalidi kitabu kwa mikono yake na kumpelekea Davy akiomba kazi. Jibu? Hakuna nafasi, shikilia ujalidi wako. Wakati huo uanagenzi ulikuwa umeisha na alikuwa kwa tajiri mpya mkali. Wengi tungekata tamaa hapo. Mapema 1813 msaidizi wa maabara akafutwa kwa kupigana, na Davy akamkumbuka yule kijana wa kitabu.

Mwaka wa 1831 Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unazaliwa. Jenereta za Olkaria zinazungushwa na mvuke kwa kanuni hiyo hiyo.

Sikudanganyi kwamba pengo la shule lilizibika lote. Hesabu za juu zilimshinda hadi kifo chake 1867, na ni James Clerk Maxwell aliyeyaweka mawazo yake katika fomula. Hata hivyo hakuwasahau wanaoanza: alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana, misimu 19.

Kwa hivyo ukianza leo, usihesabu vitabu tu. Hesabu watu pia. Nani ni Riebau wako, wa kukuachia kona ya kusomea? Nani ni Abbott wako, wa kukukosoa bila kukucheka? Na kama wewe tayari una kazi, huenda kuna mdogo wako anangoja ile shilingi moja ya Robert.