Walter Dandy: Mpasuaji aliyekifumania kiini cha maumivu ya uso

MAUMIVU yenyewe huja ghafla mithili ya radi. Mtu ananawa uso, anapiga mswaki au anapigwa tu na upepo wa asubuhi, na mara shavu moja linawaka kana kwamba limeguswa na waya wa umeme. Baada ya sekunde chache hutulia, kisha hurudi. Aghalabu lawama huangukia meno. Hung’olewa gego moja, likafuata la pili na la tatu, na maumivu yakabaki pale pale.

Ndivyo alivyokutwa mke wa balozi wa Uingereza jijini Paris mnamo 1677, alipoitiwa John Locke, mwanafalsafa ambaye pia alikuwa tabibu. Bibi huyo alikuwa amekwisha kung’olewa meno pasipo nafuu yoyote. Mwaka wa 1756 Mfaransa Nicolas André aliupa ugonjwa huo jina, na mnamo 1773 daktari John Fothergill wa London akazieleza dalili zake kwa makini. Hata hivyo, kueleza ugonjwa ni jambo moja na kujua unakotoka ni jambo jingine. Karne ya 20 ilipoanza, bado madaktari hawakujua ni kwa nini neva ya tano ya kichwa, ile ipelekayo hisia za uso kwenye ubongo, huwaka moto bila ya jeraha lolote.

Walter Edward Dandy, ambaye angekuja kukifumania kiini hicho, alizaliwa Aprili 6, 1886, mjini Sedalia katika jimbo la Missouri, Marekani. Alikuwa mwana wa pekee. Babake, mhamiaji kutoka Uingereza, alikuwa dereva wa garimoshi na mamake alitoka Ireland. Kijana huyo alihitimu katika Chuo Kikuu cha Missouri mnamo 1907, akajiunga na shule ya udaktari ya Johns Hopkins mjini Baltimore moja kwa moja katika mwaka wa pili, na kufikia 1910 alikuwa daktari kamili.

Hapo Hopkins alifanya kazi chini ya Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo aliyekuwa na sifa kuliko wote nchini humo. Wawili hao hawakupatana hata kidogo. Cushing alipohamia Boston mnamo 1912, Dandy alitarajia kuandamana naye, lakini aliachwa nyuma. Aliyemwokoa ni mkuu wa idara ya upasuaji, William Halsted, ambaye alimpa nafasi ya kuendelea. Uhasama wa Cushing na mwanafunzi wake wa zamani haukuisha. Ulizuka upya mnamo 1922, Dandy alipotangaza kwamba aliweza kuondoa wote kabisa uvimbe unaoota kwenye neva ya sikio, ilhali Cushing aliondoa sehemu tu kwa kuhofia maisha ya mgonjwa.

Upasuaji huo wa uvimbe ndio uliomfikisha kwenye maumivu ya uso. Wakati huo, waliotibu ugonjwa huu kwa kisu walipitia kwenye panja, juu ya sikio, wakaikata neva karibu na inapotokea kuelekea usoni. Maumivu yalikoma, ila shavu lilibaki na ganzi, na wakati mwingine jicho liliharibika kwa kukosa hisia. Dandy alikwisha kuzoea kuingia kwa nyuma, karibu na kisogo. Alitambua kwamba kwa njia hiyo angeufikia mzizi wa neva pale hasa unapoungana na shina la ubongo, na kuukata kwa sehemu tu. Mnamo 1925 aliitangaza njia yake.

Kubadilisha mlango kulimwonyesha asichokuwa akikitafuta. Akichungulia ndani ya upenyo huo mwembamba, kwa macho matupu na taa, aliona mshipa wa damu umeilalia neva, mara nyingine umeikunja, ukiidunda kwa kila pigo la moyo. Aliyaona hayo kwa mgonjwa mmoja, kisha kwa mwingine, naye akawa anayaandika. Mwaka wa 1934 alichapisha matokeo ya wagonjwa 215. Takriban thuluthi moja yao walikuwa na ateri iliyoisonga neva. Wengine walikuwa na mshipa wa vena mahali pale pale, na wachache walikuwa na uvimbe. Kwa Dandy, hicho ndicho kilichokuwa chanzo.

Wenzake hawakushawishika. Wengi waliendelea kupitia panjani, na kutoka huko sehemu anayoizungumzia haionekani. Wengine waliiona njia ya nyuma kuwa ya hatari mno. Palikuwa pia na swali lisilopuuzika: mbona kuna watu ambao mishipa yao imegusana na neva na hawaumwi? Dandy mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza wapinzani, hakufanya jambo ambalo lingewanyamazisha, yaani kuusogeza mshipa na kuiacha neva salama. Alikiona chanzo, lakini akaendelea kukata.

Hasira zake katika chumba cha upasuaji zilijulikana, na wasaidizi wake walimwogopa. Walakini mtu huyo huyo mara nyingi hakuwatoza ada walimu, makasisi na maskini, na baadhi ya waliotoka mbali aliwapa nauli. Na maumivu ya uso yalikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Mnamo 1918 alibuni mbinu ya kuingiza hewa katika vyumba vya ubongo ili vionekane kwenye picha za eksirei, na mwaka wa 1923 alitenga vitanda 3 vya wagonjwa mahututi waliotoka kupasuliwa ubongo, mpango unaohesabiwa miongoni mwa vyanzo vya vyumba vya wagonjwa mahututi vya leo. Mnamo 1937 aliubana kwa kibanio mshipa wa damu uliotuna kichwani mwa mgonjwa.

Dandy alifariki Baltimore kwa ugonjwa wa moyo mnamo Aprili 19, 1946, siku 13 baada ya kutimiza umri wa miaka 60. Nadharia yake ilikuwa ingali ikitiliwa shaka.

Mwaka wa 1959 mpasuaji James Gardner wa Cleveland na mwenzake waliripoti kuhusu mgonjwa aliyepata nafuu baada ya mshipa kutenganishwa na neva, pasipo kukatwa chochote. Mnamo 1962 dawa ya karbamazepini ilionekana kuwatuliza wengi, na hadi leo ndiyo hutangulia kabla ya kisu. Kisha Peter Jannetta, daktari kijana wa Marekani, akaichunguza neva hiyo akiwa na kifaa ambacho Dandy hakuwa nacho: darubini ya upasuaji. Aliuona mshipa umeisonga neva katika mahali palepale palipotajwa mnamo 1934. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1967. Leo madaktari huuinua mshipa huo, wakaweka kipande kidogo cha tefloni kati yake na neva, na wengi wa wagonjwa huamka wakiwa na hisia zao za uso na bila ya maumivu.