Semboja na Njia ya Baruti

Ukipanda basi la Arusha, ukishapita Korogwe na Mombo unafika mahali panaitwa Mazinde. Wengi wetu hapo tunachati au tumeshalala. Zamani msafara uliotoka Pangani kwenda Pare haukupita hapo bila kumwona Semboja.

Huyu alikuwa mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyetawala kutoka Vuga, juu mlimani. Nguvu ya mzee ilikuwa mvua: watu waliamini kwamba akikasirika, mahindi yanakauka. Bunduki hakukosa. Burton, aliyefika Vuga 1857, aliandika kwamba mfalme ana watu 400 wenye bunduki. Ila Wazigua wa upande wa Handeni walishamtangulia. Walipata magobori mapema kwa kufanya biashara na pwani, wakawasukuma Washambaa kutoka mabondeni.

Kimweri akafa 1862, kiti akapewa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja akabaki chifu wa Mazinde, huku chini kwenye joto na vumbi. Wengine wangenuna. Yeye aliona barabara.

Hapa lazima nieleze gobori, maana sisi wa sinema tunadhani bunduki ni kufyatua tu. Gobori halina risasi ya kununua ikiwa tayari. Kila mtu anajitengenezea mlio wake: anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anatia kitambaa, kisha gololi au kipande cha chuma, anashindilia kwa mdeki, halafu anaweka fataki. Baruti ikizidi, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Ikipungua, gololi inaanguka hapo karibu. Ikilowa, basi, umeshika rungu.

Chuma mhunzi wa kijijini alikimudu. Baruti ya kupigania vita ilitoka pwani, na njia yake ilipita kwa Semboja. Malipo yalikuwa pembe za ndovu na watu. Ndiyo, watu: mateka waliosukumwa kuteremka Pangani wakauzwe. Wapo wanaomsifu kama mwanasiasa mjanja, na mjanja alikuwa kweli, lakini mimi nikifika hapo mdomo unakuwa mzito.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaivamia Vuga. Shekulwavu akakimbia, akafia ukimbizini. Wabondei nao wakaasi, wakawafukuza machifu waliowekwa na Vuga. Sasa angalia: Semboja hakupanda mlima kukaa kwenye kiti! Akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde, kwenye baruti.

Mwaka 1888, pwani ilipowaka moto dhidi ya Wajerumani, wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, na mizigo ya msafara wao ikaishia kwa Semboja. Lakini mambo yalikuwa yanabadilika. Askari wa Wajerumani walibeba bunduki za risasi za kiwandani, zisizohitaji mdeki. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakasaini mkataba huko Brussels kuzuia silaha za namna hiyo zisiingie Afrika. Mwafrika aachiwe gobori na baruti ya kawaida, tena kwa ruhusa. Semboja, akiwa mzee sasa, akapatana na Wajerumani.

Alifariki 1895. Mwaka huohuo Mputa, wa ukoo wake, aliyekuwa akitawala Vuga, akanyongwa na Wajerumani. Kiti akapewa Kinyashi, mtoto wa Shekulwavu.