Ben Hogan, gwiji wa gofu aliyeamini nguvu za fimbo hutoka miguuni

ALASIRI ya Jumamosi, Juni 10, 1950, katika uwanja wa Merion, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mwanamume mwembamba mwenye umri wa miaka 37 alifika kwenye shimo la 12, akaupiga mpira, kisha miguu ikamkaza. Aliyumba, nusura aanguke mbele ya umati. Ilikuwa raundi yake ya pili siku hiyo, kwani enzi hizo wachezaji wa mashindano ya US Open walilazimika kumaliza mashimo 36 siku ya mwisho, asubuhi hadi jioni, kwa miguu.

Mtu huyo alikuwa Ben Hogan. Miezi 16 awali, basi la abiria lilikuwa limeligonga gari lake na kumvunja mifupa ya nyonga, na wapo waliodhani hangetembea tena, seuze kucheza gofu ya kulipwa. Mkasa huo ungekuwa mzito kwa mwanamichezo yeyote. Kwake ulikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu mchezo wake wote aliujenga juu ya miguu na nyonga.

Anayetazama gofu kwenye runinga hudhani kazi ni ya mikono. Mpira umetulia chini, haukimbii wala haurushwi na mpinzani, na mchezaji ana fimbo mkononi. Kilichobaki ni kupiga. Lakini mwenye kuwahi kujaribu anajua fedheha yake. Mchezaji wa mkono wa kulia anaporudisha fimbo nyuma, mwili huzunguka na uzito wake hutua kwenye mguu wa kulia. Uzito huo sharti urudi kushoto kabla ya fimbo kuufikia mpira. Ukichelewa nyuma, fimbo huchota udongo kwanza, au huparuza kichwa cha mpira ukabingirika hatua chache. Mabega nayo yakitangulia nyonga, fimbo huja kwa kukata kutoka nje, na mpira hupinda kulia hadi vichakani. Yote hayo hutokea chini ya nusu ya pumzi, kwa hiyo hayarekebishwi njiani. Ama mwili umezoea mpango wake, ama haujazoea.

Hogan alichukua zaidi ya miaka 15 kuuzoeza mwili wake.

Alizaliwa Agosti 13, 1912, mjini Stephenville, Texas, akalelewa katika mji mdogo wa Dublin katika jimbo hilo hilo. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi, kazi iliyokuwa ikififia kadiri magari yalivyochukua nafasi ya farasi. Familia ilihamia Fort Worth, na huko, Februari 1922, Chester alijiua kwa bastola. Ben alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Clara, akashika kazi ya ushonaji, naye mtoto akauza magazeti kwenye stesheni ya treni.

Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alisikia kwamba katika klabu ya Glen Garden vijana walilipwa kwa kubebea matajiri mifuko ya fimbo. Akaanza kutembea maili kadhaa kwenda huko kutafuta kazi ya ukedi. Miongoni mwa makedi wenzake alikuwamo kijana mwingine wa rika lake, Byron Nelson, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa. Katika shindano la makedi la Krismasi ya 1927 wawili hao walitoka sare. Iliporudiwa, Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja.

Hogan aliacha shule kabla ya kuhitimu na mwaka wa 1930, hata miaka 18 hajatimiza, akaingia gofu ya kulipwa. Matokeo yalikuwa ya kutia huruma. Zaidi ya mara moja aliishiwa pesa kabisa akarejea nyumbani kufanya vibarua. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa mdogo, alitafuta umbali kwa kurudisha fimbo nyuma kupita kiasi, kisha kuiachilia kwa kasi ya mikono yote. Mpira ulikwenda mbali, naam, lakini mara nyingi mwishoni ulipinda kushoto ghafla na kuporomoka msituni. Ugonjwa huo wa mpira kukimbilia kushoto ndio uliokaribia kumtoa mchezoni.

Mwaka wa 1935 alimwoa Valerie Fox, waliyefahamiana tangu ujanani. Miaka mitatu baadaye walifika Oakland, California, wakiwa na akiba iliyokaribia kwisha, na asubuhi moja Hogan akakuta gari lao limekalishwa juu ya mawe, magurudumu yameibwa. Alicheza hivyo hivyo akapata zawadi ya pesa iliyomwezesha kuendelea. Mchezaji mwenzake, Henry Picard, alikuwa amemwahidi kumsaidia iwapo angekwama. Hogan hakulazimika kuichukua pesa hiyo, ila kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1948, alimtunukia Picard.

Ushindi wake wa kwanza akiwa peke yake ulikuja Machi 1940 huko Pinehurst, North Carolina, miaka kumi baada ya kuanza. Ndani ya wiki mbili hivi akawa ameshinda mashindano mawili zaidi. Kisha vita vikaingia, akahudumu katika jeshi la anga kuanzia 1943 hadi 1945.

Mwaka wa 1946 ulimwonyesha pande zote mbili za mchezo huu. Alipoteza Masters kwa mkwaju mmoja baada ya kukosa mpira mfupi kwenye shimo la mwisho, na miezi miwili baadaye US Open ikamponyoka kwa namna iyo hiyo. Mwaka huo huo akatwaa PGA Championship, taji lake la kwanza kubwa, na kwa jumla akashinda mara 13. Ndio wakati pia alipojitenga kwa muda kuutengeneza upya mzunguko wake wa fimbo ili mpira uache kukimbia kushoto na badala yake uelee kidogo kulia na kutua kwa utulivu.

Alichokigundua hakikuwa kitu kimoja, ingawa watu wengi wamependa kukiita siri. Alibadilisha namna ya kushika fimbo, mkono wa kushoto ukalegezwa ili usiigeuze haraka. Akafupisha mwendo wa nyuma. Zaidi ya yote, akauweka mwanzo wa pigo kiunoni. Fimbo ikifika juu, mikono haitakiwi kufanya lolote. Nyonga ya kushoto ndiyo inayoanza kuzungukia upande wa shabaha, ikiuvuta uzito kutoka mguu wa kulia, kisha mabega yanafuata, kisha mikono, na kiganja ndicho cha mwisho. Kila kiungo kinakipa kasi kinachokifuata. Kwa mpango huo, mtu mwembamba aliweza kuwashinda majabali kwa umbali, tena bila kupotea njia.

Alifanya mazoezi kuliko mchezaji yeyote wa zama zake. Wenzake walipokwenda kupumzika baada ya raundi, yeye alibaki uwanjani na mfuko wa mipira hadi giza likamfukuza. Wakati huo haikuwa desturi, na wapo waliomwona mtu wa ajabu. Alikuwa mkimya hata na waliocheza naye siku nzima.

Mwaka wa 1948 alishinda PGA tena na US Open ya kwanza, huko Riviera, Los Angeles, kwa mikwaju 276 ambayo ilikuwa rekodi. Alikuwa kileleni.

Asubuhi ya Februari 2, 1949, yeye na Valerie walikuwa wakirudi Fort Worth kwa gari. Karibu na Van Horn, Texas, katika ukungu mzito, basi lililokuwa likipita lori lilitokea mbele yao likiwa kwenye upande wao wa barabara. Hogan alijirusha kumkinga mkewe. Kitendo hicho kiliwaokoa wote wawili, kwa kuwa mhimili wa usukani ulipenya hadi kwenye kiti alichokuwa amekalia. Valerie aliumia kidogo. Yeye alivunjika nyonga, mtulinga, kifundo cha mguu wa kushoto na ubavu.

Hospitalini El Paso damu iliganda miguuni na bonge moja likafika mapafuni. Daktari bingwa wa upasuaji, Alton Ochsner, akaletwa kwa ndege ya kijeshi kutoka New Orleans, naye akaufunga mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni ili mabonge mengine yasifike moyoni. Uhai ukasalimika, lakini mzunguko wa damu katika miguu haukurejea tena hali yake. Tangu siku hiyo miguu ilivimba kila alipotembea kwa muda mrefu. Ililazimu aifunge bendeji kabla ya kucheza na kuilowesha kwenye maji moto kila asubuhi.

Alitoka hospitalini mapema Aprili. Januari 1950 alikuwa tayari Los Angeles akishindana, akatoka sare na Sam Snead na kushindwa tu katika marudio.

Hapo ndipo maana ya kazi yake ya miaka mingi ilipoonekana. Angekuwa bado yule kijana aliyetegemea fimbo ndefu na mikono ya kasi, miguu dhaifu ingemmaliza. Lakini mpango wa uzito kuhama na nyonga kutangulia ulikuwa umeshakuwa tabia ya mwili wake, na haukuhitaji mguu wenye misuli ya mwanariadha. Ulihitaji mguu unaotii kwa wakati wake. Kilichompa shida ni kutembea kutoka mpira mmoja hadi mwingine.

Siku ile Merion, baada ya kuyumba kwenye shimo la 12, uongozi wake uliyeyuka mkwaju baada ya mkwaju. Alipofika shimo la 18 alihitaji mikwaju minne ili tu aingie katika marudio. Akachukua fimbo ya chuma nambari moja, ngumu kuliko zote mfukoni, na kuutua mpira kwenye nyasi fupi za shimo. Mpigapicha Hy Peskin, aliyesimama nyuma yake, alimnasa mwishoni mwa pigo: uzito wote umekwisha kuhamia mguu wa kushoto, ule uliovunjika kifundo, na wa kulia umebaki kwenye ncha ya kiatu. Kesho yake aliwashinda Lloyd Mangrum na George Fazio kwa mikwaju 69 dhidi ya 73 na 75.

Baada ya hapo alichagua mashindano machache tu kila mwaka. Alishinda Masters na US Open mwaka wa 1951. Mwaka wa 1953 alishiriki sita akashinda matano, yakiwemo Masters, US Open ya Oakmont na British Open ya Carnoustie, Scotland, ambayo hakuwahi kuicheza kabla wala baada ya hapo. Huko raundi zake zilikuwa 73, 71, 70 na 68, kila moja bora kuliko iliyotangulia. New York ilimpokea kwa maandamano ya heshima.

Jumla ya mataji yake makubwa ni tisa, na sita kati ya hayo aliyapata baada ya ajali.

Mwaka wa 1957 alitoa masomo matano kuhusu gofu, yaliyoandikwa pamoja na Herbert Warren Wind na kuchorwa na Anthony Ravielli. Kitabu hicho bado kinasomwa. Ndani yake mguu wa kulia unawekwa wima kwa mstari wa shabaha ili nyonga zisizunguke kupita kiasi wakati wa kurudi nyuma, wa kushoto unafunguliwa kidogo ili kuzipa njia wakati wa kushuka, na magoti yanalegezwa kana kwamba mtu anataka kuketi.

Ni vyema, hata hivyo, kukisoma kwa tahadhari. Kiliandikwa na mtu aliyeogopa mpira wa kushoto, ilhali wanaoanza wengi huteswa na mpira wa kulia, na dawa ya mgonjwa mmoja ikimezwa na mwingine huweza kuzidisha maradhi. Kuhusu uzito, hata hivyo, wakati umemtetea. Vyombo vya kisasa vinavyopima msukumo wa miguu ardhini vimeonyesha kwamba wachezaji bora huanza kuuelekeza uzito kushoto hata kabla fimbo haijamaliza safari yake ya nyuma.

Hogan alifariki mjini Fort Worth mnamo Julai 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 84. Ile fimbo ya Merion iliibwa muda mfupi baada ya pigo hilo ikapotea kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 1983 ilipatikana na kufikishwa kwake, naye akaitambua. Usoni ilikuwa na alama moja tu ya kuchakaa, ndogo kama sarafu, mahali mpira ulipokuwa ukigusa kila mara.