Selous: Mwindaji aliyeharibiwa shabaha na gobori lake mwenyewe

Ukipita Sio Port jioni, omena wameshaanuliwa na jua linazama upande wa Uganda, hutakosa kundi la vijana walioinamia simu wakicheza gemu za vita. Mmoja anamwona adui juu ya paa la jengo, mbali kabisa, anabonyeza mara moja na jamaa analala chini. Hakuna moshi. Bega haliumi. Anapakia tena kabla hujapepesa jicho.

Ziwa lilo hilo wanaloketi kando yake lilivukwa Juni 1915 na mzee mmoja Mwingereza mwenye ndevu, umri wake miaka 63, akiwa na kikosi kilichopanda meli Kisumu kwenda kuivamia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Vijana aliosafiri nao walikuwa wamesoma vitabu vyake shuleni. Alikuwa mwindaji maarufu kuliko wote wa zama zake. Lakini mwenyewe alikiri waziwazi kwamba hakuwa mlenga shabaha hodari, na lawama aliitupia bunduki mbili za bei rahisi alizonunua akiwa kijana.

Jina lake ni Frederick Courteney Selous. Ukiwahi kusikia habari za Pori la Akiba la Selous kule Tanzania, basi ndiye huyo.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851 katika familia yenye pesa. Baba yake alikuwa mkubwa katika soko la hisa la London. Mtoto mwenyewe hakutaka hesabu wala ofisi. Akiwa na miaka 15, Januari 1867, barafu ya ziwa la bustani ya Regent's Park ilipasuka watu wakiteleza juu yake, na wapatao 40 wakafa. Yeye alilala kifudifudi akatambaa kipande hadi kipande mpaka ukingoni. Kumbuka hilo, kwa sababu kutambaa kuelekea hatari au kuikimbia ndiyo iliyokuja kuwa kazi yake.

Septemba 1871 alishuka Afrika Kusini na pauni 400 mfukoni. Alikuwa na miaka 19. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili, ya kupakiwa nyuma, teknolojia mpya wakati huo. Ikaibwa njiani kabla hajaipigia hata tembo mmoja. Mazee, fikiria kuibiwa simu siku ya kwanza ugenini, halafu simu hiyo ndiyo kazi yako.

Akanunua magobori mawili yaliyotengenezwa Birmingham, pauni sita kila moja. Yalikuwa bunduki za watu wa kawaida, mtutu mpana kama bomba, uzito karibu kilo sita. Kwa bunduki hizo, kati ya 1872 na 1874, aliua tembo 78.

Usihesabu 78 kama mabao. Ni wanyama 78 waliokufa kwa ajili ya pembe zilizopelekwa Ulaya kutengenezwa vifunguo vya piano na mipira ya biliadi. Ila jinsi walivyouawa inahitaji kuelezwa, maana wengi wetu tunadhani bunduki ni bunduki tu.

Gobori hupakiwa kwa mdomoni. Unamwaga baruti ndani ya mtutu, unatia tambara au karatasi, unasukuma risasi, unashindilia kwa fimbo hadi vyote vikae chini kabisa. Kisha unaweka fataki, kikofia kidogo cha shaba, pale nyundo inapogonga. Ukifyatua, nyundo inagonga fataki, cheche inaingia kwenye baruti, na wingu la moshi linakuziba macho usijue kama umepiga au umekosa. Mtu mwenye mazoezi akisimama ametulia huchukua nusu dakika hivi kupakia upya. Tembo aliyejeruhiwa hakupi nusu dakika.

Risasi ya Selous ilikuwa duara, ya gramu 113 hivi. Unaweza kuifikiria kama gololi kubwa iliyotengenezwa kwa risasi tupu. Na ndani ya mtutu wake hakukuwa na ile mifuo ya kuzunguka ambayo huifanya risasi ijizungushe hewani na kushika njia. Risasi duara inayotoka kwenye mtutu laini ni kama mpira uliopigwa bila mzunguko: inayumba, inapungua kasi upesi, inaanguka. Kwa bunduki ya namna hiyo, mwindaji mwenye akili hajiamini kupita nusu ya uwanja wa mpira, mita 50 hivi. Kwa tembo, ambaye risasi lazima ifike kwenye moyo au ubongo, Selous alitaka awe karibu zaidi ya hapo, hatua 20 au 30. Umbali wa kusikia tumbo la mnyama likinguruma.

Na alifika hapo kwa miguu. Farasi hawakuweza kuingia kwenye mapori ya tembo kwa sababu ya ndorobo, mbung'o wanaoua mifugo. Aliyemfundisha kazi hiyo hakuwa Mzungu. Alikuwa mwindaji Mkhoikhoi aliyeitwa Cigar, mtu aliyejua kumfuata tembo kwa nyayo na kusimama imara mnyama anapogeuka. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja kisha vinampita. Bila Cigar, nadhani Selous angekufa mwaka wake wa kwanza.

Ruhusa ya kuwinda aliipata kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, Bulawayo, mwaka 1872. Mfalme alimtazama kijana huyu asiye na ndevu akacheka. Alimwona ni mtoto aliyekuja kuwinda swala wadogo, akamwachia aende akafukuze tembo atakavyo. Walipoonana tena baada ya msimu, Selous alikuwa na meno ya tembo ya kuonyesha.

Sasa tuje kwenye kosa lake. Mbio za kumfuata tembo hazikumpa nafasi ya kupima. Alivaa mfuko wa ngozi wenye baruti kiunoni, akatumbukiza mkono, akachota kiganja, akamimina, akatupia risasi juu yake, huku akikimbia. Kila kiganja kilikuwa na kipimo chake. Mara gramu 35, mara zaidi. Baruti ikizidi, bunduki inapiga teke. Ya Selous ilipiga teke kama punda, siku baada ya siku, kwenye bega lile lile.

Siku moja bunduki ilikataa kulipuka. Katika vurugu ikapakiwa tena juu ya shehena ya kwanza. Alipofyatua, shehena mbili zikalipuka pamoja. Alinyanyuliwa kutoka ardhini, akazunguka hewani, akaanguka uso mchangani, na bunduki ikaruka juu ya bega lake ikaenda kutua mbali. Chini ya jicho la kulia alipata jeraha kubwa lililomwaga damu, mkono wa kulia haukuinuka. Kitako cha bunduki kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya sikio la tembo iliyokauka ikawa ngumu kama chuma, lakini kilivunjika vipandevipande. Ajabu ni kwamba mtutu haukupasuka. Ungepasuka, hifadhi ile ya Tanzania ingeitwa jina jingine.

Jeraha lilipona. Kilichobaki ni woga wa mwili, ule ambao akili haiuamrishi. Kabla ya kufyatua, bega linajikunja, jicho linafumba, mtutu unasogea kidogo tu. Kwa umbali wa hatua 20 kusogea huko si kitu. Kwa mita 150 ni tofauti ya kupiga na kukosa kabisa. Baadaye alipata bunduki nzuri za kupakiwa nyuma, zenye mifuo, ambazo zingeweza kufika mbali sana. Mwili wake haukusahau. Aliandika kwamba magobori yale yalimharibia mishipa na kwamba alijuta kuwahi kuyashika.

Nadhani hapa ndipo kijana wa Sio Port anapaswa kusimamisha gemu. Marekani mpaka leo kuna majira maalumu ya kuwinda kulungu kwa gobori, na wanaofanya hivyo huanza kwa kusawazisha shabaha kabla ya kuingia porini. Wanaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Wanapima baruti kwa kipimo kimoja kila mara, wanapiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo karibu, mita 25 hivi, wanatazama zimekusanyika wapi. Zikiwa zimeenda kushoto, wanasogeza kilengeo cha nyuma kuelekea kulia, kisha wanarudia kwa mita 50, halafu 100. Katikati wanapangusa mtutu, kwa kuwa masizi ya baruti hubadili risasi inayofuata. Sababu ni kwamba risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mdomoni. Kilengeo hakiizuii isianguke. Kinakuambia tu uinue mtutu kiasi gani ili njia ya risasi na njia ya jicho zikutane pale unapotaka. Mwisho wa yote mwindaji anajua mita zake: hapa napiga, pale naacha mnyama aende, kwa sababu nitamjeruhi tu akafie mbali.

Selous hakuwa na lolote kati ya hayo. Ukichota baruti kwa kiganja, huwezi kusawazisha shabaha yoyote, kwani kila mlio ni bunduki tofauti. Alichokuwa nacho ni miguu na ujasiri wa kusogea karibu. (Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo usiende kujaribu.)

Kitabu chake cha kwanza, cha 1881, kilimpa umaarufu. Ndipo maisha yake yakageuka kwa namna ambayo mashabiki wake hupenda kuipita haraka. Njia alizozijua kwa kufuata tembo ziligeuka njia za wakoloni. Mwaka 1890 aliongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona, akiwaonyesha pa kukata barabara. Mwaka 1893 kampuni ya Rhodes ilipiga vita na Lobengula, yule yule aliyemcheka na kumpa ruhusa. Selous alikuwa upande wa kampuni na akajeruhiwa. Katika vita hivyo bunduki za Maxim ziliwaangusha askari wa Kindebele wenye mikuki kabla hawajafika karibu. Lobengula alikufa mwanzoni mwa 1894 akiwa mkimbizi. Mtu aliyejifunza kazi kwa kusogea hatua 20 sasa alikuwa upande wa walioua kutoka mbali.

Hakuwa mtu wa rangi moja tu, lakini. Waingereza walipopigana na Makaburu mwaka 1899 alipinga vita hivyo hadharani, na hilo halikumpa marafiki. Afrika Mashariki alikuja kuwinda zaidi ya mara moja. Mwaka 1909 alisafiri meli moja na Theodore Roosevelt hadi Mombasa, baada ya kumsaidia kupanga safari yake kubwa ya uwindaji.

Vita Kuu ilipoanza alikataliwa jeshini kwa ajili ya umri. Akang'ang'ania. Mei 1915 alishuka Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na mwezi uliofuata ndipo akavuka ziwa kwenda Bukoba, ambako walibomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Vijana wengi wa kikosi chake waliangushwa na malaria na kuhara kuliko risasi. Mzee aliendelea kutembea. Mwaka 1916 alipewa nishani ya DSO.

Tarehe 4 Januari 1917 walikutana na adui Behobeho, karibu na mto Rufiji. Wadunguaji walikuwa wamejificha. Baadhi ya askari wa upande wa Wajerumani waliingia vita hivyo na bunduki za kizamani zenye moshi, lakini hata hizo zilifika mara nyingi zaidi ya gobori la Birmingham. Selous aliinua kichwa na darubini ili atafute risasi zinatoka wapi. Moja ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 65, siku nne tu baada ya siku yake ya kuzaliwa.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 4 Januari 1918, mwanawe Freddy, rubani wa kivita, aliuawa angani Ulaya.

Mzee alizikwa pale pale Behobeho, chini ya mkwaju. Tangu 2019 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo hupita karibu na kaburi.