Dorothy Hodgkin na pete iliyo ndani ya dawa ya mtoto wako

Mama, ile amoksilini ya unga unayochanganya na maji ni ya ukoo wa penisilini. Aliyetuonyesha umbo la penisilini alikuwa mama wa watoto watatu, Dorothy Hodgkin.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Cairo, Misri, wazazi wake wakiwa Waingereza. Alisomea kemia Oxford, Uingereza. Akiwa na miaka 24 alianza kuugua baridi yabisi, na baadaye vidole vyake vikapinda. Hata hivyo hakuacha kazi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, penisilini ilikuwa ikiokoa majeruhi, lakini wanakemia walibishana kuhusu umbo lake. Dorothy alipitisha eksirei kwenye fuwele za dawa hiyo, akapima madoa yaliyotokea kwenye filamu, kisha akapiga hesabu ndefu. Mwaka 1945 alipata jibu: ndani ya penisilini kuna pete ya atomi 4 tu.

Pete za atomi 5 au 6 hutulia. Hii ya 4 imebanwa kama mtego uliotegwa. Ikifyatuka ndani ya bakteria, hunasa kifaa anachojengea ukuta wake, naye hupasuka. Ikifyatuka mapema, dawa haifanyi kazi tena. Maji huifungua polepole, na baadhi ya bakteria sugu hutoa kitu cha kuivunja.

Baadaye wanakemia waliiacha pete hiyo, wakabadilisha sehemu iliyoshikana nayo. Ndivyo ilivyopatikana amoksilini, inayostahimili asidi ya tumbo, hivyo mtoto anaweza kuimeza.

Dorothy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964. Habari zilimkuta Ghana, alikokuwa akifanya kazi mumewe. Mwaka 1969 alikamilisha umbo la insulini. Alifariki mwaka 1994.

Kliniki huwa naona chupa iliyobaki tangu mtoto alipougua mara ya mwisho. Harufu ni ileile tamu, lakini pete nyingi zimeshafunguka. Mtoto mwenye nimonia akipewa hiyo, anacheleweshwa matibabu. Kwa hiyo:

- Changanya dawa kwa maji safi na salama, kwa kipimo kilichoandikwa.
- Itumie ndani ya siku zilizoandikwa kwenye chupa, kisha usiitumie tena.
- Mpe mtoto dozi yote aliyoandikiwa, hata akipata nafuu.
- Akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani, mpeleke kituo cha afya mara moja.