Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Mto Ruzizi upitao karibu na mashamba yetu hapa Sange hauishii Uvira. Maji yake yaingia katika Ziwa Tanganyika na kuchanganyika na maji yale ambayo, mbali sana kusini, kwenye pwani ya mashariki, yapiga mchanga wa Karema. Huko Karema aliishi mtu mmoja ambaye wazee wa kandokando ya ziwa walimjua vizuri, bali vijana wetu wengi wamsikia jina tu, nao wengine hata jina hawalijui: Adriano Atiman, mganga na katekista.

Twataka kueleza maisha yake, lakini si kwa namna ya kawaida. Mara nyingi watu husimulia utoto wake, kwa maana utoto ule ni habari ya kushangaza. Kisha huruka mpaka uzee wake, kwa sababu ya nishani alizopewa. Sisi tutakawia katika ile miaka ya kati isiyosimuliwa, ambayo mtu si kijana tena wala si mzee bado, na kazi ya leo ni ile ile ya jana. Wasomaji wetu wengi, akina baba na akina mama wenye miaka arobaini na hamsini, wamo katika miaka hiyo. Twajua yanayowachosha: muhogo wa kulima, karo ya watoto, wazazi waliozeeka wanaohitaji kutunzwa, mgongo unaoanza kuuma, na ile sauti ya ndani inayouliza kila asubuhi kama yafaa kuendelea.

Utoto wake, basi, tuueleze kwa ufupi. Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, pande za Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, wezi wa watu walimnyakua. Akatiwa katika msafara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akafika Metlili, kusini ya Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Shirika hilo, liitwalo sasa Wamisionari wa Afrika, lilikuwa changa bado; Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger alikuwa amelianzisha mwaka 1868 tu. Na mwaka ule ule wa 1876 mapadri watatu wa shirika waliuawa jangwani walipojaribu kwenda Timbuktu. Njia ya kumrudisha mtoto kwao ilikuwa imefungwa kwa damu. Hakurudi kamwe.

Lavigerie alikuwa na shauri ambalo wengi wa zama zake walilicheka. Aliona kwamba wazungu wachache wanaokufa kwa homa hawataweza peke yao kuihudumia Afrika. Akataka Waafrika wenyewe wasomeshwe uganga mpaka waujue kweli, kisha warudi kukaa kati ya Waafrika, waoe, wale chakula cha nchi, watibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, na wale vijana waliokombolewa utumwani wakapelekwa huko, wakasoma katika Chuo Kikuu cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi, aliambiwa kwamba kazi yake imo katika Afrika ya kati, kwenye ziwa ambalo hajaliona.

Walitoka pwani kwa miguu pamoja na wapagazi, zaidi ya kilomita elfu moja, mwaka ule ule ambao vita vya Abushiri vilianza pwani. Mwaka 1889 Atiman alikuwa amefika Karema. Boma la Karema lilikuwa limejengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao walilikabidhi kwa Mapadri Weupe mwaka 1885 pamoja na Mpala, iliyoko ng'ambo, upande wetu wa Kongo. Akaoa binti wa nchi ile, wa kabila la Wabende, jina lake Agnes. Nyakati zile ziwa lote lilijaa hofu. Rumaliza wa Ujiji na watu wake walikuwa wakitafuta watumwa pande zote mbili, na kule Mpala Kapteni Joubert alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki chache. Kijana aliyekombolewa utumwani sasa aliwafunga vidonda wale waliotoroka minyororo. Ni nani asiyeona uzuri wa kazi kama hiyo? Ujana una moto wake, na hatari yenyewe huuchochea.

Lakini moto wa namna hiyo haudumu miaka sitini. Kardinali Lavigerie alifariki mwaka 1892. Vita vya watumwa vikakoma pole pole. Nyumba ya Malta ikafungwa kabla karne ile haijaisha, kwa maana matunda yake yalionekana kuwa haba: wengine walikufa mapema, wengine waliacha. Hivyo Atiman alipokaribia miaka arobaini alikuwa mtu wa shauri ambalo wakubwa wake walikwisha kuliacha. Hakuna mwenzi kutoka shule ile ambaye angekuja kumpokea zamu. Wenye kusoma haya na wafikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kuanza kazi pamoja na wengi ni rahisi. Kubaki katika kazi ambayo wenyewe walioianzisha wamekata tamaa nayo, hilo ni jambo jingine.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Mwenye kudhani kwamba mganga wa misioni hufanya maajabu kila siku hajapata kukaa katika zahanati. Kuna homa. Kuna vidonda vya miguu, vinavyooshwa leo, vikafungwa, na kesho mwenye kidonda akarudi kitambaa kikiwa kimechafuka kwa matope. Kuna macho ya watoto, meno, kuhara, uzazi mgumu wa usiku. Katika miaka ile ile aliongezeka adui mdogo sana, funza. Mdudu huyo hakuwa wa Afrika; aliletwa na merikebu kutoka Brazili hata Angola mwaka 1872, akapanda pamoja na misafara mpaka maziwa makuu, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika bahari ya Hindi. Watu wa bara hawakumjua, kwa hiyo hawakujua kumtoa, na wengi walikatika vidole vya miguu. Kumtoa funza si jambo la kuandikwa katika kitabu cha mashujaa. Hata hivyo mtu asiyeweza kwenda shambani kwa sababu ya miguu, nyumba yake yalala njaa.

Hapo ndipo sisi twaona nguvu ya Atiman. Kazi yake aliipima kwa mtu aliye mbele yake tu, wala hakuipima kwa ukubwa wa habari. Aliyezoea kungoja siku kuu ndipo atie bidii, huyo huchoka mapema, kwa kuwa siku kuu ni chache.

Kisha likaja jambo zito kuliko uchovu. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kwenye pwani za Ziwa Tanganyika. Wazee wetu wa bonde na wa Uvira walisimuliwa habari za balaa hiyo na baba zao. Mbung'o humuuma mtu, naye hupata homa, tezi za shingo huvimba, hukonda, akili hupotea, husinzia mchana hata mkononi mwake tonge la ugali likiwa bado, mpaka afe. Dawa ya kweli haikuwapo. Mwaka 1906 Profesa Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, alikwenda mwenyewe katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, akajaribu dawa iitwayo atoksili. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini wengine dawa yenyewe iliwapofusha macho. Ikiwa mtu kama yule alishindwa, mganga wa Karema angefanya nini? Vijiji vya pwani vikahamishwa, mitumbwi ikaoza mchangani.

Atiman alikuwa na miaka arobaini wakati huo. Ni umri ambao mtu ameshajua mipaka yake, naye huanza kuona haya kwa ajili ya mipaka hiyo. Mganga asiyeweza kuponya ana njia tatu: aweza kudanganya, aweza kukimbia, au aweza kukaa. Atiman alikaa. Na hapa yafaa kukumbuka kwamba kazi yake ilikuwa na majina mawili. Alikuwa mganga, na pia alikuwa katekista. Pale uganga ulipokoma, ukatekista haukukoma. Mgonjwa asiyeweza kuponywa aliweza bado kufundishwa, kuombewa, kubatizwa kama akitaka, na kutoachwa peke yake. Twadhani kwamba jina lile la pili ndilo lililomwokoa katika miaka ya malale. Mtu ambaye thamani yake yote imo katika kushinda, siku ya kushindwa hana pa kusimama.

Vita vya mwaka 1914 vikafuata. Karema ilikuwa chini ya Wajerumani, ng'ambo walikuwa Wabelgiji, na ziwa likawa uwanja wa vita. Bahari ilifungwa, dawa za Ulaya zikawa shida kupatikana. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka na kuitwaa pwani ile, na baada ya vita Waingereza wakapewa nchi. Serikali tatu, na kidonda ni kile kile. Mwaka 1917 akafariki Askofu Lechaptois, aliyekuwa ameongoza misioni zile tangu mwaka 1891. Mtu aliyefanya kazi na askofu mmoja kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano hufiwa na sehemu ya maisha yake mwenyewe.

Kuhusu dawa, Atiman hakukaa akililia masanduku yasiyokuja. Aliwauliza waganga wa nchi habari za mizizi na majani yao, akachunguza ipi yafaa na ipi ni bure, akazitumia zilizofaa. Jambo hili lilihitaji moyo kuliko linavyoonekana. Mtu aliyesoma chuo kikuu cha ng'ambo ya bahari, naye sasa ni mtu mzima mwenye heshima yake, kwenda kuketi mbele ya mzee asiyejua kusoma na kumwuliza kama mwanafunzi! Wengi wetu tukifika makamo twaona kwamba saa ya kujifunza imepita, na ujuzi ule wa ujana twaugawa kidogo kidogo mpaka unakwisha, nasi twakwisha pamoja nao. Mtu anayejifunza bado ana kesho.

Mwaka 1923 likaja jambo la nyumbani. Mwana wake Yosefu alipewa daraja takatifu la upadri. Katika Kanisa hilo ni furaha kubwa, na hata sisi twalisimulia kwa furaha. Kwetu Kongo Stefano Kaoze alikuwa ametangulia mwaka 1917, huko Baudouinville, yaani Moba ya leo. Lakini tusipite haraka. Baba huyu alinyang'anywa ukoo wake akiwa na miaka saba. Hakuwa na kaka, wala mjomba, wala kaburi la babu katika nchi yote ya Tanganyika. Ukoo wake ulianza upya katika nyumba yake na Agnes. Nasi twajua watu wa ziwa na wa bonde wanavyofikiri juu ya mwana asiyezaa. Kumwacha kijana afuate njia ile ilikuwa kutoa kitu kwa mara ya pili, na mara hii hakuna aliyemnyang'anya. Alikuwa na miaka karibu hamsini na saba, na kesho yake wagonjwa walikuwa wakingoja kama kawaida.

Ya baadaye yajulikana zaidi, nasi tutayapitia upesi. Sifa zilikuja alipokuwa hazihitaji tena: nishani za Kanisa na za serikali, wageni waliotaka kumwona mzee wa Karema. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa yeye mwenyewe, yalipigwa chapa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika. Wale wenzake wa Malta, wote waliojaliwa akili kama yake au kuipita, walikuwa wamekwisha kusahauliwa. Tukihesabu, miaka ya ujana wake pale Karema haizidi kumi na mitano, na miaka ya heshima ya uzee haikuzidi hiyo kwa mengi. Yote iliyobaki, zaidi ya thelathini, ni ile ya kuosha vidonda bila mtu kuandika.

Adriano Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, baada ya miaka sitini na saba kwenye ziwa. Miaka minne baadaye Kongo ikapata uhuru, na Tanganyika mwaka uliofuata. Katika mji wa Sumbawanga, juu katika nchi ya Wafipa, hospitali ya Kanisa yaitwa kwa jina lake. Kila asubuhi watu huketi pale wakingoja zamu, mwenye homa, mwenye kidonda, mama na mtoto mgongoni, na wengi wao hawajui jina lililo juu ya mlango ni la nani.