Norman McAlister Gregg

Norman McAlister Gregg (Burwood, New South Wales, 7 Machi 1892 – Sydney, 27 Julai 1966) alikuwa daktari bingwa wa macho kutoka nchini Australia. Anajulikana hasa kwa ugunduzi wake wa mwaka 1941: alionyesha kwamba mwanamke asiye na kinga dhidi ya ugonjwa wa rubela, akiambukizwa katika miezi ya kwanza ya ujauzito, anaweza kuzaa mtoto mwenye matatizo makubwa ya macho na ya moyo. Baadaye ilijulikana kwamba uziwi nao hutokana na chanzo hichohicho.

Kabla ya Gregg, rubela ilihesabiwa kuwa ugonjwa mdogo usiohitaji hata daktari. Kazi yake ilifungua njia iliyofikisha kwenye kipimo cha kinga kwa wanawake na chanjo inayotolewa leo katika nchi nyingi za dunia.

Maisha ya awali na elimu

Gregg alizaliwa Burwood, kitongoji cha jiji la Sydney. Alisoma katika shule ya Sydney Grammar School, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Sydney kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1915 kwa heshima za daraja la kwanza. Wakati huo alikuwa pia mwanamichezo hodari, akaiwakilisha New South Wales katika kriketi na tenisi.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeshaanza. Baada ya kuhitimu alisafiri kwenda Uingereza, akajiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi la nchi hiyo na kutumikia katika uwanja wa vita wa magharibi. Kwa ushujaa wake alipewa nishani ya Military Cross.

Vita vilipokwisha alirudi Sydney na kufanya kazi katika hospitali ya Royal Prince Alfred. Baadaye alikwenda tena Uingereza kusomea magonjwa ya macho, pamoja na mafunzo katika hospitali ya macho ya Moorfields mjini London. Mwaka 1923 alirudi Sydney, akaoa na kufungua kliniki. Yeye na mke wake walijaliwa mabinti wawili. Pamoja na kliniki yake, alikuwa daktari wa upasuaji wa macho katika Royal Prince Alfred na katika hospitali ya watoto ya mjini humo. Kazi hiyo ya hospitali ya watoto ndiyo iliyomkutanisha na watoto waliompatia umaarufu wake.

Rubela kabla ya mwaka 1941

Rubela, inayoitwa pia surua ya Kijerumani kwa kuwa madaktari wa Kijerumani walikuwa kati ya wa kwanza kuieleza, husababishwa na virusi vinavyoenea kwa njia ya hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Dalili zake ni homa ndogo, upele wa siku chache na kuvimba kwa tezi za shingoni na nyuma ya masikio. Watu wengine huambukizwa bila kuonyesha dalili yoyote. Aliyepona kwa kawaida hubaki na kinga ya maisha yake yote.

Penye maambukizi ya mara kwa mara, wasichana wengi huupata ugonjwa huu utotoni na kufikia umri wa kuzaa wakiwa na kinga. Lakini pale ambapo rubela huja kwa mawimbi, na miaka mingi kupita kati ya wimbi moja na jingine, wengi hukua bila kukutana nayo. Hali ilikuwa hivyo nchini Australia. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana walikuwa wamekusanywa katika kambi za jeshi, na mlipuko mkubwa wa rubela ukaenea kambini na mijini. Safari hii wagonjwa wengi walikuwa watu wazima, wakiwemo wanawake walioolewa karibuni. Hapakuwa na kipimo cha kumwonyesha mwanamke kama ana kinga au la. Baadhi yao waliugua hata kabla ya kutambua kwamba ni wajawazito.

Madaktari wa wakati ule hawakuona hatari yoyote. Walifundishwa kwamba kasoro za kuzaliwa nazo ni za kurithi, na kwamba mtoto aliye tumboni hulindwa na kondo la nyuma dhidi ya karibu kila kinachompata mama.

Ugunduzi

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1941 Gregg alianza kuletewa watoto wachanga wengi kuliko kawaida wenye mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe katika lenzi ya jicho unaozuia mwanga kuingia. Maradhi hayo huwapata zaidi wazee. Kwa watoto wachanga yalikuwa nadra, na kwa kawaida yalichukuliwa kuwa ya ukoo. Watoto hawa hawakulingana na maelezo hayo. Ukungu wao ulikuwa mzito na katika wengi ulikuwa katika macho yote mawili. Baadhi walikuwa na macho madogo kupita kiasi. Wengi wao walikuwa na uzito mdogo, walinyonya kwa shida, na walikuwa na kasoro ya moyo. Katika familia zao hapakuwa na historia ya ugonjwa kama huo.

Inasimuliwa kwamba siku moja alisikia akina mama waliokuwa wakisubiri zamu kliniki wakizungumza wao kwa wao, wakaambizana kuwa waliugua rubela walipokuwa wajawazito. Gregg hakuyapuuza maneno hayo. Alianza kumuuliza kila mama kuhusu afya yake wakati wa ujauzito, na jibu lilikuwa lilelile mara kwa mara. Alipohesabu miezi kurudi nyuma tangu watoto walipozaliwa, alikuta kwamba mwanzo wa mimba zao uliangukia katika kipindi ambacho mlipuko wa mwaka 1940 ulikuwa umepamba moto.

Aliwaandikia madaktari wenzake wa macho kuuliza kama nao wameona watoto wa namna hiyo. Majibu yao, pamoja na wagonjwa wake mwenyewe 13, yalifikisha idadi ya watoto 78. Mama 68 kati yao walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito, wengi wao katika mwezi wa kwanza au wa pili. Watoto 44 walikuwa na kasoro ya moyo.

Tarehe 15 Oktoba 1941 Gregg aliwasilisha matokeo hayo mjini Melbourne mbele ya chama cha madaktari wa macho wa Australia, na makala yake ikachapishwa katika jarida la chama hicho. Alieleza kwamba lenzi ya jicho huumbwa katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, kwa hiyo madhara hutegemea sana wakati ambapo mama ameambukizwa. Alionya pia kwamba huenda kasoro nyingine zikajitokeza watoto hao watakapokua.

Jinsi ugunduzi ulivyopokewa

Habari zilienea haraka nchini Australia. Akina mama wa watoto wenye matatizo ya kusikia nao walianza kueleza kwamba waliugua rubela wakiwa wajawazito. Hivyo uziwi, ambao hauonekani kwa mtoto mchanga kama unavyoonekana ukungu wa jicho, uliongezwa katika orodha ya madhara. Mwaka 1943 Charles Swan na wenzake wa Australia Kusini walichapisha uchunguzi uliokubaliana na wa Gregg na kutaja uziwi pia.

Nje ya Australia wengi walisita. Jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza liliandika mwaka 1944 kwamba hoja hiyo bado haijathibitishwa. Shaka hiyo ilikuwa na msingi wake. Gregg alikuwa ameanza na watoto waliokwisha kuathirika, kisha akawauliza mama zao. Hakuwa na hesabu ya wanawake waliougua rubela na kuzaa watoto wazima. Kwa hiyo takwimu zake zilionyesha kwamba uhusiano upo, lakini hazikuweza kuonyesha ukubwa wa hatari kwa kila mjamzito.

Uthibitisho mwingine mkubwa ulitoka kwa mtaalamu wa takwimu wa Australia, Oliver Lancaster. Alipitia kumbukumbu za sensa za nchi hiyo zilizoorodhesha viziwi kwa umri wao, akagundua kwamba miaka fulani, kama vile 1899, ilikuwa na viziwi wengi waliozaliwa kuliko miaka mingine, na kwamba miaka hiyo ilifuatana na milipuko ya rubela. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1951, yalionyesha kwamba madhara hayo hayakuanza mwaka 1941. Yalikuwapo kwa vizazi kadhaa bila mtu kuyaunganisha na chanzo chake.

Wanawake wajawazito baada ya ugunduzi

Kwa miaka zaidi ya ishirini baada ya makala ya Gregg, hatari ilijulikana lakini kinga ya kuaminika haikuwapo. Mjamzito aliyekutana na mgonjwa wa rubela alibaki na hofu hadi siku ya kujifungua. Baadhi ya madaktari walitoa sindano za kingamwili zilizotokana na damu ya watu waliopona, lakini mafanikio yake hayakuwa ya hakika. Katika nchi kadhaa wazazi walishauriwa wawaache binti zao waambukizwe rubela wakiwa bado wadogo, ili wafike umri wa kuzaa wakiwa na kinga. Wapo pia wajawazito walioambukizwa ambao waliamua, au walishauriwa, kutoa mimba.

Mwaka 1962 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalifaulu kuvitenga virusi vya rubela katika maabara. Jambo hilo liliwezesha kutengeneza kipimo cha damu cha kujua nani ana kinga na nani hana. Mara ukafuata mlipuko uliokumba sehemu kubwa ya dunia. Nchini Marekani pekee, katika miaka ya 1964 na 1965, inakadiriwa kwamba watu milioni 12.5 waliugua na watoto 20,000 hivi walizaliwa na madhara ya rubela.

Miaka ya mwisho na kifo

Gregg aliendelea na kazi ya udaktari mjini Sydney na kujishughulisha na ustawi wa watoto viziwi na wasioona. Mwaka 1953 alipewa cheo cha heshima cha Sir na Malkia wa Uingereza. Alifariki tarehe 27 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 74. Aliishi hadi kuona virusi vikitambuliwa, lakini hakuiona chanjo ikianza kutumika.

Urithi

Chanjo ya rubela iliidhinishwa Marekani mwaka 1969. Australia ilianza kuwachanja wasichana wa shule mwaka 1971. Leo kwa kawaida hutolewa kwa watoto wote, wavulana kwa wasichana, pamoja na chanjo ya surua, kwa sababu mvulana aliyeambukizwa anaweza kumwambukiza mama yake au mwalimu wake mjamzito. Kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haitolewi wakati wa ujauzito. Mwanamke asiye na kinga hushauriwa achanjwe kabla ya kushika mimba na angoje walau mwezi mmoja. Akigundulika hana kinga akiwa tayari mjamzito, hushauriwa kujiepusha na wagonjwa wenye upele na homa, kisha huchanjwa baada ya kujifungua. Kwa anayeambukizwa mwanzoni mwa ujauzito, uwezekano wa virusi kumfikia mtoto unaweza kufika asilimia 90.

Katika mwaka 2015 bara la Amerika lilitangazwa kuwa limekomesha maambukizi ya rubela yaliyozoeleka humo, na mwaka 2018 Australia, nchi ya Gregg, ilithibitishwa vilevile. Katika Afrika ya Mashariki, Rwanda ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2013, ikafuatwa na Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016.

Ugunduzi wa Gregg ulivuka mipaka ya rubela yenyewe. Ulionyesha kwamba kondo la nyuma si ukuta usiopenyeka, na kwamba kasoro ya kuzaliwa nayo inaweza kusababishwa na jambo lililompata mama na linaloweza kuzuilika. Fikra hiyo ilisaidia kuufanya uchunguzi wa vyanzo vya kasoro za kuzaliwa kuwa tawi la sayansi linalojitegemea.

Matatizo ya watoto walioathiriwa na rubela tumboni huitwa pia ugonjwa wa Gregg. Chama cha madaktari wa macho wa Australia na New Zealand huandaa mhadhara wenye jina lake katika mikutano yake.